Kilango Nyuma ya Meza ya Baba

Wiki iliyopita nilisimama katika nyumba yetu ya mtaa wa Kuze, ndani ya chumba cha kulia, na harufu ya simiti mbichi ikanipanda puani. Nikakasirika papo hapo. Fundi alidhani nimemkasirikia yeye kwa sababu ya vumbi, akaniomba radhi, nami nikamjibu kwa mkato ambao hakustahili. Watu wengi wakisikia harufu ile hufurahi, kwa kuwa ni harufu ya nyumba inayopanuka. Mimi hunirudisha kwenye umri wa miaka tisa, nimesimama nyuma ya Nyanya, mbele ya mlango uliofunguka tukakuta ukuta.

Baba ameshafariki, Mungu amrehemu, na nimemsamehe mengi. Hili bado.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa na ua mdogo nyuma, na ua huo ndio uliokuwa jiko. Upande mmoja palikuwa na kibanda cha mabati, chini yake majiko mawili ya makaa na stovu moja ya mafuta ya taa iliyokuwa ikitoa moshi mweusi kila ilipotaka. Mama alipika amekaa kwenye kibao, magoti juu, macho yanamchuruzika. Mvua ikinyesha alivuta vyungu ndani zaidi na kupika mgongo ukiwa umelowa. Chakula kikishaiva kilibebwa kupitia ukumbi wenye giza hadi sebuleni, Baba akala kwenye mkeka pamoja na mdogo wangu Faisal. Mama, mimi na Nyanya tulikula uani baadaye.

Nyanya ni mamake Mama, na alikaa nyumba ya pili, tumetenganishwa kwa ukuta mmoja. Macho yake yalikuwa yameshaingia utando, akiona vivuli tu. Katika ukuta huo wa uani, upande wa kushoto, palikuwa na kilango cha mbao kifupi hata mtu mzima alilazimika kuinama. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa na vilango vya namna hiyo, ili wanawake waendeane bila kukanyaga njia kuu. Mama alikipita alfajiri kumpashia mamake maji, akakipita tena kumfagilia, akakipita na sinia ya mchana, akakipita alasiri kumchana nywele na kumtia dawa ya macho. Magharibi alikwenda kumshika mkono amlete kwetu. Siku moja nilikosa la kufanya nikahesabu, nikafika mara kumi na moja.

Baba hakuwahi kukiona kilango hicho kikiwa wazi, hata siku moja, na hapa ndipo penye kisa chote. Mwanamume haingii uani bila kupiga hodi, hata kama nyumba ni yake, maana hajui ni mke wa nani ameketi huko kichwa wazi. Baba alikuwa mtu wa adabu, akisimama ukumbini na kuita, "Hodi huko," kisha akingoja. Huku nyuma majirani wanawake walirudi walikotoka, kilango kikafungwa, komeo likatiwa, na Mama akausukuma mtungi wa maji mbele yake. Ndipo akaitikia, "Karibu." Baba akaingia akamkuta mkewe anachagua mchele, mtungi uko mahali pake na mlango nyuma yake umefungwa. Kwa miaka yote aliyokaa mle alijua huo ni mlango uliokufa.

Alijua kwamba Mama anamtazama mamake, kwa sababu haikuwa siri. Asichojua ni mara ngapi, na kupitia wapi. Mke kutoka nje kulihitaji ruhusa, na Mama aliiomba ruhusa hiyo kila alipotaka kwenda arusini au matangani, akavaa buibui na kupita mlango wa mbele. Kupita kilangoni kwa hesabu ya wanawake wa mtaa wetu hakukuwa kutoka. Hakuna aliyewahi kuitamka hesabu hiyo, maana ikitamkwa ingewafikia wanaume, nao wangeanza kuijadili.

Mimi nilifunzwa kunyamaza mapema. Nilipokuwa na miaka sita Baba aliniuliza kwa wema kabisa nani aliyekuwa akicheka uani, nami nikamtajia jirani mmoja. Mama aliningoja hadi Baba alipotoka, akanifinya paja hadi likaiva.

"Ukiulizwa na mwanamume nani kaja na nani kenda, wewe hukuona," aliniambia. "Wanisikia?"

"Nasikia, Mama."

"Umeona nini?"

"Sikuona kitu."

"Haya. Nenda kacheze."

Halafu ikaja meza. Baba alikuwa karani bandarini, na mkubwa wake wa kazi alikuwa amemkaribisha chakula nyumbani kwake. Baba alirudi amebadilika. Hakusifu chakula hata kidogo, alisifu meza. Baada ya miezi michache mkokoteni ulisimama nje na meza yenyewe ikaingia, mbao nzito yenye miguu minene, na viti sita vilivyovishwa nailoni. Ilikataa kupinda kona ya ukumbini hadi ikakatwa miguu kwa msumeno na kuungwa upya. Ikakaa pale ukumbini, nasi tukawa tunapita kiubavu, matumbo ndani.

"Sasa yataka chumba chake," Baba akasema. Kwa hivyo meza ikashonewa chumba, kama mtu anayenunua kifungo kwanza kisha akatafuta kanzu.

Mbele ya nyumba hapakuwa na ruhusa ya kugusa kitu, kwa kuwa ni nyumba ya kale, hivyo kila kitu kilisukumwa uani. Baba alichora ramani nyuma ya karatasi ya kalenda, kwa rula ya ofisini. Mwisho wa ua lingekuwa jiko jipya, lenye bamba la simiti la kupikia mtu amesimama, bomba la maji na dirisha. Kati ya jiko na nyumba kingekuwa chumba cha kulia. Mama alipoambiwa atapika amesimama alicheka kwa sauti, na Mama hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Alilitaka jiko hilo, na nikisema alilazimishwa nitakuwa mwongo. Usiku alimweleza Nyanya kila kitu kuhusu bomba, mara mbili, na Nyanya akamwombea dua.

Fundi aliitwa Karisa, mtu wa upande wa Rabai, fundi wa mawe aliyejenga mjini miaka mingi. Alikuwa Mkristo, lakini hodi yake ilikuwa ndefu kuliko ya Baba. Baba alishinda kazini, na Mama hawezi kusimama uani na mwanamume wa kando, kwa hivyo maneno yote kati yao yalipita kwangu. Mama alikaa juu, nyuma ya dirisha la mbao zenye nafasi, fundi akakaa chini na uzi wake na timazi, mimi nikawa napanda na kushuka ngazi.

"Mwambie fundi nataka dirisha upande wa bahari, upepo utoe moshi."

"Fundi, Mama yuwataka dirisha upande wa bahari."

Fundi Karisa alitazama juu, si dirishani bali kwenye mabati ya kibanda. "Mwambie mama upande huo ni ukuta wa jirani. Nitamtolea tundu la juu, refu, moshi utapanda wenyewe."

Nikapanda. Mama akafikiri. "Mwambie sawa. Na bamba lisiwe refu sana, mimi si mlingoti."

Nikashuka nikayasema hayo ya mlingoti vilevile yalivyo, na fundi akacheka huku ametazama chini. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilijiona mimi ndiye ninayejenga.

Siku ya tatu alipiga mistari ya chokaa chini. Aliponyanyuka kwenda kunywa maji nikaingia ndani ya mistari nikaanza kupanga watu. Viti sita. Baba pale kichwani, Faisal karibu naye ili afinywe akichezea chakula, mimi, Mama karibu na jiko, na kimoja cha mgeni. Mstari wa kushoto uliishia kwenye ukuta wa Nyanya, na kilango chake kilikuwa ndani ya chumba, nyuma kabisa ya kiti cha sita. Nikaona Baba ni mtu wa ajabu, amefikiria kila kitu. Nyanya atavuta komeo, atanyosha mkono, atakigusa kiti chake, ataketi. Hatakula tena chini, na magoti hayatamuuma. Nilikaa chini mahali pa kiti hicho ili nione ataonaje, nikasahau kwamba haoni.

Fundi aliporudi alisimama mbele ya kilango. Mtungi ulikuwa hapo, na komeo limetiwa, maana yeye alikuwa amepiga hodi. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole.

"Mwanangu, huu mlango unatumika?"

Nililijua jibu lake, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwa paja langu mwenyewe.

"Hautumiki," nikasema.

"Hata kidogo?"

"Mimi sijaona mtu akipita."

Akatoa chaki mfukoni akaweka alama kwenye ubao. Nilidhani ni alama ya kuwa pasiguswe. Nikainua macho kwenye dirisha la juu, kifua kimenijaa, nikingoja nisikie jambo. Mama hakusema kitu, nami nikaelewa kwamba nimefanya vizuri.

Kazi ilipoanza kwa nguvu hatukuwa na pa kupikia, na hakuna mwanamke aliyeweza kushuka uani na mafundi wamejaa. Baba mwenyewe akatoa ruhusa bila kuombwa. "Mpike kwa mama," alisema. Basi kila asubuhi Mama alivaa buibui, tukatoka mlango wa mbele na vyungu, tukapita baraza la wanaume, tukasalimiwa, tukaingia kwa Nyanya. Zilikuwa siku nzuri. Mama alishinda na mamake mchana kutwa bila kukimbilia hodi ya mtu. Upande wa pili tukisikia mawe yakipasuliwa, koleo likikoroga, Fundi Karisa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

"Wafanyani huko?" Nyanya akauliza kila mara.

"Wajenga chumba cha kulia, Nyanya," nikamjibu. "Wewe kiti chako ni cha sita."

Siku moja baada ya sala ya alasiri kelele zilikoma mapema. Mafundi walikuwa wameondoka. Nyanya alitaka kuona chumba chake. Alisema hivyo, kuona. Alinyanyuka, akapapasa ukuta hadi kwenye kilango, upande wake, mimi nyuma yake nimeshika pindo la leso aliyojifunga. Mlango ulifungukia kwake, na komeo la kwetu lilikuwa limeng'olewa, kwa hivyo akauvuta ukaja kwa urahisi. Harufu baridi ikatupiga usoni. Nyanya akanyosha mkono mbele kama alivyouzoea miaka yote, kukishika kizingiti, na mkono ukagonga.

Akasimama. Akapeleka mkono juu, akapeleka chini, akapeleka kulia. Simiti mbichi ikamwingia vidoleni.

"Mwanangu, hapa pana jiwe," akasema.

Mama alikuwa anakuna nazi. Aliiacha mbuzi, akaja, akamwondoa Nyanya taratibu. Alisimama mbele ya mawe yale. Kisha akaweka kidole kwenye kiungo cha jiwe moja na jingine, akasukuma, na kidole kikazama hadi fundo la kwanza. Simiti ilikuwa mbichi kabisa, ukuta ambao ungeondolewa kwa mwiko wa wali. Nilimtazama nikingoja auangushe. Nilikuwa tayari kumsaidia, hata nilishatupa jicho kwenye mwiko.

Akakitoa kidole, akakipangusa kwenye leso, akaufunga mlango. Akarudi kukuna nazi. Wali wa siku hiyo ulikuwa mzuri, Baba akausifu.

Nimekuwa na hasira na kidole hicho miaka mingi kuliko nilivyokuwa na hasira na Baba. Ilikuwa mbichi, Mama. Kesho yake ikakauka.

Jiko jipya lilikuwa zuri. Bamba lilimfikia Mama kiunoni barabara, moshi ulipanda kwenye tundu la Fundi Karisa kama alivyoahidi, na bomba lilitoa maji siku ambazo mji ulikuwa na maji. Kati ya jiko na chumba cha kulia Baba aliagiza kidirisha cha kupitishia sahani, ili wageni wale bila wanawake kuonekana. Mlango mmoja ulizibwa, badala yake tukapewa tundu la kupitisha mkono. Pale palipokuwa na kilango, Baba aliweka kabati la vioo, lenye vyombo vya maua ambavyo hatukuruhusiwa kuvigusa. Na vile viti sita nilivyovipanga havikukaliwa na yeyote niliyemweka. Walikaa Baba na wageni wake, wote wanaume, na Faisal alipokua. Mama alichukua kibao chake cha zamani, akakiweka kwenye sakafu mpya ya jiko, tukala hapo mimi na yeye. Nyanya hakuletwa tena.

Kwa maana sasa kwenda kwa Nyanya kulikuwa ni kutoka. "Baba Faisal, naomba nende nikamtazame mama." Mimi ndiye kifungua mimba, lakini hata ombi hilo lilipitia jina la Faisal. Mwanzo Baba alisema nenda. Baada ya wiki mbili akasema, "Si ulikwenda jana?" Hakuwa anamkatalia, hapana, alishangaa tu. Aliuliza kwa nini siku hizi safari zimezidi. Mama akanyamaza, kwa sababu jibu la swali hilo lilikuwa miaka yote ya ndoa yao. Angesema kwamba zamani alikwenda mara kumi na moja kwa siku, ingekuwa mara kumi na moja kwa siku alitoka bila ruhusa. Basi safari zikawa mara moja kwa siku, kisha siku baada ya siku, kisha Ijumaa. Mimi nikapelekwa na sinia nikirudi kutoka chuo cha Kurani, nikaiweka, nikaondoka. Sikujua kumchana mtu nywele.

Haukupita mwaka Nyanya akajiunguza mkono akijipashia maji ya kutawadha. Mjomba alikuja kutoka Malindi, akakalishwa kwenye meza ya Baba. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunawa.

"Nimekuja kumchukua mama," Mjomba akasema. "Tangu mlango uzibwe hana mtu."

"Mlango gani?" Baba akauliza.

Mjomba alidhani anafanyiwa mzaha. Akaonyesha kabati kwa kidevu. Baba akaligeukia kabati, akalitazama kama mgeni. Kisha akaita kupitia kidirisha.

"Mama Faisal, ule mlango ulikuwa ukitumika?"

Bomba lilikuwa linatiririka jikoni. Likafungwa. "Ulikuwa ukitumika," Mama akasema.

"Mbona hukuniambia?"

Bomba likafunguliwa tena.

Nilimwona Baba akitafuta pa kulitua jambo lile. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani lilimchoma kweli. Aliangalia kidirisha, akamwangalia Mjomba, akaangalia mikono yake mwenyewe. Mwisho akaniona mimi na birika langu.

"Fundi aliniambia alimuuliza huyu," akasema. "Huyu ndiye aliyesema hautumiki."

Angeweza kusema, leteni nyundo. Fundi Karisa angeufungua asubuhi moja na mchana akapumzika. Mjomba angekunywa chai yake na kurudi Malindi peke yake. Baba alikuwa ameshajua, na hilo ndilo ninalotaka lieleweke: alijua, na siku ileile bado kulikuwa na muda. Lakini kabati lilikuwa pale na vioo vyake, na kuufungua mlango mbele ya shemeji yake kungekuwa kukiri kwamba hakujua kinachopita ndani ya nyumba yake. Kwake lilikuwa jambo jepesi kumwachia mtoto wa miaka tisa. Nyanya aliondoka wiki hiyo na kifurushi kimoja. Alifia Malindi mwaka uliofuata. Mama aliomba ruhusa, akapewa, na alipofika maiti ilikuwa imeshatolewa nyumbani.

Nilidhani jambo hilo litazikwa na Nyanya. Kumbe Baba aliligundua kuwa ni kichekesho. Kila mgeni aliyekaa mezani pale, baada ya pilau, alisimuliwa. Nilimsikia kupitia kidirisha, mikono yangu ikiwa kwenye maji ya vyombo: "Mchoraji wa chumba hiki ni binti yangu. Aliulizwa mlango huu watumika? Akasema hautumiki. Kamfungia nyanyake nje." Wakacheka, wakasema watoto ni mtihani. Alilisimulia hata kwenye arusi yangu, mbele ya wakwe. Kila mara nilimwangalia Mama, naye kila mara alikuwa na kitu cha kukoroga.

Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa nimeshazaa watoto wangu. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kibao kilekile, anachagua mchele kwa kupapasa, maana macho yake nayo yalikuwa yameanza kufuata ya mamake. Nilimuuliza kama amewahi kunikasirikia kwa ajili ya mlango.

"Nikukasirikie kwa nini? Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia wapi?"

"Nilikuwa dirishani juu. Fundi alikuuliza kama mlango watumika, ukamwambia hautumiki, hujaona mtu akipita." Akatoa kokoto, akaitupa. "Nilifurahi sana siku ile. Nikasema moyoni, mwanangu kalelewa."

"Na kwa nini hukunituma nirudi kumwambia?"

"Nilidhani babako ataniuliza mwenyewe. Nilikuwa nishatayarisha na la kumwambia."

Alikuwa amelitayarisha jibu, akaliweka, akangoja aulizwe, na hakuulizwa. Alifariki miaka mitatu baadaye, na sikuwahi kujua lilikuwa jibu gani.

Sasa nyumba ni ya Faisal, naye anataka jiko na chumba cha kulia viwe kitu kimoja, kidirisha kiondoke, mkewe apike akizungumza na watu. Ni mpango mzuri na nimemwambia hivyo. Alinitumia ramani kwenye simu, na nilichokitazama kwanza ni ukuta wa kushoto. Ulikuwa mstari mmoja ulionyooka, hauna kitu. Ndipo nikaenda mwenyewe.

Kabati na paa vilikuwa vimeshaondolewa, na plasta imebanduliwa. Mawe ya Fundi Karisa yalionekana wazi, yana rangi tofauti na wenzao, yamesimama katika umbo la mlango mfupi. Fundi wa sasa, kijana mwenye heshima zake, ndiye niliyemjibu kwa mkato nilipoingia, na bado alinikaribia kwa upole.

"Mama, hapa palikuwa na mlango," akasema. "Nauliza kama unatumika, ama nipige plasta mpya juu yake."

"Piga plasta," Faisal akasema kutoka jikoni. "Upande wa pili ni stoo ya muuza vinyago. Dada, mwambie apige plasta."

Nilikuwa na miaka tisa tena, na chokaa chini ya miguu yangu. Dirisha la juu la Mama liko palepale, mbao zake zile zile. Nililitazama kwanza. Kisha nikamjibu fundi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili aliyeko juu naye asikie.

"Unatumika," nikasema. "Mama hupita hapa kila siku."